Viazi mwitu vyangu vimestawi, lakini chini hakuna kitu. Ning'oe?

*"Shikamoo mtaalamu. Naishi Hamburg, Ujerumani, na nimekodi kipande kidogo cha bustani. Mzee mmoja jirani yangu pale bustanini alinigawia mbegu za viazi mwitu, zile ndogondogo za kwenye tunda, siyo kiazi chenyewe. Kibandiko kilisema tu: Solanum, Cusco, Peru, mita 3,600. Nilisia dirishani mwezi Machi, nikahamishia nje katikati ya Mei. Miche imestawi ajabu, inanifika kiunoni, na imetoa maua ya zambarau. Nimeiwekea samadi ya kuku mara tatu. Juzi, Agosti inaanza, nilichimba shina moja: hakuna hata kiazi kimoja! Nimekuta mizizi mirefu myeupe kama kamba, mmoja umetembea karibu mita nzima, na ncha yake imejikunja kama ndoana. Mama yangu yuko Njombe, analima viazi kila mwaka na huvuna baada ya miezi mitatu au minne. Anasema hiyo ni midume kama mipapai, ning'oe. Mume wangu anasema fuko wamekula. Nifanye nini? Na nikivipata, naweza kuvila, na kumtumia mama mbegu kidogo ajaribu?"*

Marahaba, binti yangu. Kwanza weka jembe chini. Mimea yako haiumwi, si midume, na hakuna fuko aliyekutangulia. Inasubiri usiku urefuke. Najua jibu hilo linafanana na la mganga, kwa hiyo nivumilie nilieleze taratibu, maana ukilielewa utajua mwenyewe la kufanya.

Nianze na mama, kwa heshima zote. Mpapai una miti dume na miti jike, na mkulima anayeng'oa madume yaliyozidi anajua anachofanya. Kiazi hakiko hivyo. Kila ua lako la zambarau lina sehemu ya kiume na ya kike kwa pamoja. Isitoshe, kiazi cha chini hakitokani na ua. Ua likichavushwa linatoa tunda dogo la kijani, mfano wa nyanya mbichi, lenye mbegu kama zile ulizopewa. Kiazi kinatengenezwa upande mwingine kabisa wa mmea, na kinaweza kutokea hata kama ua halikuonekana.

Mume wako naye anamfikiria fuko wa nyumbani, yule mwenye meno yaliyotokeza anayemaliza viazi na mihogo. Fuko wa Ulaya ni mnyama mwingine, chakula chake ni minyoo na wadudu. Huko wapo panya wa shambani wanaokula viazi, lakini wangekuachia vipande vilivyotafunwa na kamba zilizokatwa. Zako ulizikuta nzima, mpaka ncha.

Sasa hizo kamba. Umeziita mizizi, na sikulaumu, kwa sababu hata kwenye vitabu vyetu vya kilimo kiazi, muhogo na gimbi vyote hutiwa kwenye kapu moja la "mazao ya mizizi". Muhogo ni mzizi kweli, na kiazi kitamu ni mzizi. Kiazi mviringo ni shina. Chukua kimoja jikoni ukitazame vizuri: yale macho yamepangwa kwa mzunguko, kama majani yanavyopanda kwenye tawi. Kila jicho ni chipukizi, na ule mstari uliojipinda kando yake kama nyusi ni mahali pa jani lililobaki dogo kama gamba. Kikae juani siku chache kitageuka kijani.

Kamba ulizokuta ni mashina pia. Wataalamu huziita stoloni. Zinaanzia kwenye vifundo vya chini kabisa vya shina, vilivyofunikwa na udongo. Kwa mche uliotoka kwenye mbegu, za kwanza huanzia kwapani mwa yale majani mawili ya mwanzo. Ungeweza kuzifananisha na marando ya viazi vitamu, ila haya hutambaa gizani, hayana majani ila magamba, na pingili zake ni ndefu. Ile ndoana ya mbele inakilinda kichipukizi cha ncha kisikwaruzwe na mchanga. Stoloni ikijisahau ikatokeza juani, inanyooka, inatoa majani, na kuwa shina la kawaida. Kwa hiyo ulichochimba ni nusu ya kazi iliyokwisha kufanyika. Reli imelazwa, mizigo haijaanza kupita.

Urefu wa mita nzima usikushangaze. Kwa kiazi mwitu, stoloni ndiyo miguu yake. Kikitaka kuhama kutoka jiwe hili hadi jiwe lile mlimani, kinajisogeza chini kwa chini na kuacha kiazi kidogo mbele, ambacho mwakani kitaota mbali na mama yake. Wakulima wa Andes, walioanza kukifuga kiazi zaidi ya miaka 7,000 iliyopita kwenye nyanda za juu za kusini mwa Peru, hawakutaka kuchimba mita nzima kutafuta chakula cha jioni. Kizazi baada ya kizazi walibakiza mimea yenye stoloni fupi na viazi vikubwa. Ndiyo maana mama akichimba Njombe anakuta viazi vimejikusanya chini ya shina kama vifaranga. Chako hakijafundishwa adabu hiyo.

Twende kwenye usiku. Pale Cusco, nyuzi kama 13 na nusu kusini mwa ikweta, siku ndefu kuliko zote mwezi Desemba inafika karibu saa 13. Mvua zinakuja kati ya Oktoba na Aprili, kisha kuanzia Mei ni ukame na baridi ya kuunguza majani. Kiazi mwitu kina miezi michache tu ya kula jua kabla ya kufa juu na kujificha chini. Kingesubiri baridi yenyewe ifike ndipo kianze kuweka akiba, kingechelewa. Kwa hiyo kinatumia kalenda isiyodanganya, yaani urefu wa usiku. Usiku ukianza kurefuka, majani yanajua kwamba msimu unakwisha.

Nimesema majani kwa makusudi, maana stoloni ziko gizani mwaka mzima na haziwezi kuhesabu chochote. Ndani ya jani kuna protini inayohisi mwanga mwekundu, fitokromu B, inayofanya kazi pamoja na saa ya ndani ya mmea. Siku zikiwa ndefu, jani linatengeneza kizuizi. Usiku ukirefuka, kizuizi kinaondoka na jani linaanza kutengeneza protini nyingine iitwayo SP6A. Huyu ndiye mjumbe. Anaingia kwenye mishipa inayobeba sukari, anashuka na shina, anafuata stoloni mpaka ncha. Kazi yake ilielezwa kwenye jarida la Nature mwaka 2011, lakini kwamba yupo mjumbe fulani ilishukiwa zamani. Wanasayansi wa Urusi ya Kisovieti, katika kazi iliyotoka mwaka 1981, walibebesha tumbaku iliyokwisha kuamua kutoa maua juu ya shina la kiazi, na chini ya ardhi vikatoka viazi. Tumbaku haina hata dalili ya kiazi, ila mjumbe wake wa maua na mjumbe wa viazi ni ndugu wa ukoo mmoja, na stoloni ilimsikiliza kama wa kwao.

Mjumbe akifika, kwanza homoni inayorefusha, jiberelini, inapungua kwenye ncha, na stoloni inaacha kusonga mbele. Seli zilizo nyuma kidogo ya ndoana, ambazo zilikuwa zikigawanyika kwa urefu tu, zinageuza mwelekeo na kuanza kugawanyika kwa upana. Pananenepa kama kichwa cha njiti ya kiberiti. Kisha mlango wa sukari unafunguliwa: sukari iliyokuwa ikichuruzika kidogo kidogo inamiminwa moja kwa moja ndani ya seli na kugeuzwa wanga. Toka hapo kiazi kinajivutia chakula chenyewe, na majani, ambayo hadi wakati huo yalikuwa yakijijenga, yanaanza kuhudumia huko chini mpaka yachakae.

Kuna jambo moja nitaliweka hapa ingawa hukuliuliza, kwa sababu linanifurahisha. Nchini Chile kuna mimea ya kundi la Etuberosum, inayofanana na kiazi kwa jani na ua, nayo haitoi kiazi kabisa. Uchunguzi wa jeni uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha kwamba ukoo mzima wa viazi ulizaliwa pale mababu wa nyanya walipochanganyika na mababu wa kundi hilo, kama miaka milioni 8 au 9 iliyopita. Jeni la SP6A lilitoka upande wa nyanya. Jeni jingine linalohusika na ukuaji wa mashina ya chini lilitoka upande wa pili. Wazazi wote wawili hawana kiazi, mtoto akawa nacho.

Sasa jiweke kwenye nafasi ya mmea wako. Mwezi Juni pale Hamburg jua linazama karibu saa 4 usiku, na mchana una takriban saa 17. Hata uliposhika jembe mwanzoni mwa Agosti mchana ulikuwa bado umepita saa 15. Mmea wenye kalenda ya Cusco unaona kiangazi kisichokwisha, na katika hesabu zake hakuna sababu ya kuweka akiba. Kwa hiyo unaongeza majani na kurefusha stoloni. Mama naye yuko nyuzi 9 kusini mwa ikweta, ambako mchana haupiti saa 12 na dakika 45 mwaka mzima, na usiku wa Njombe ni wa baridi. Mbegu zake hata zingekuwa na kalenda ya Andes zingeona ruhusa iko wazi kila mwezi.

Usiku wa baridi nao nimeutaja kwa sababu: urefu wa usiku peke yake hautoshi. Dar es Salaam ina usiku mrefu kama wa Njombe, lakini ukipanda viazi Kigamboni utapata majani, kwa kuwa joto la usiku humnyamazisha yule mjumbe. Kiazi kinapenda nyuzi 15 hadi 20 hivi. Kwa hili Hamburg haina shida.

Utaniuliza basi Wajerumani wanavunaje viazi Julai. Yaliyokupata wewe yaliwapata wao kwanza. Viazi vilivyovuka bahari katika karne ya 16 vilikuwa vya Andes (kuna kumbukumbu ya mapipa yaliyosafirishwa kutoka visiwa vya Kanari kwenda Antwerp mwaka 1567), na kwa muda mrefu vilizaa mwishoni kabisa mwa vuli, yaani majira yanayotangulia baridi kali ya Ulaya, pale tu ambapo jalidi, ile baridi ya kugandisha, ilichelewa. Baadaye zikateuliwa aina zisizojali urefu wa siku, zikachanganywa na viazi vya kusini mwa Chile, ambako kiangazi kina siku ndefu. Mwaka 2013 ilijulikana kwamba siri kubwa iko kwenye jeni moja, CDF1. Toleo lake lililokatika mkia haliharibiwi mchana, kwa hiyo kizuizi hakijengwi na mmea unazaa hata Juni. Viazi vyako mwitu havina toleo hilo.

Kosa lako ni moja tu, samadi ya kuku. Ina naitrojeni nyingi, na naitrojeni inauambia mmea uendelee kujenga majani. Wanaofanya majaribio wanaweza kuchelewesha viazi kwa kuongeza naitrojeni, na hata kukifanya kiazi kilichoanza kunenepa kirudi kuwa stoloni, kisha kinenepe tena mbele, kama shanga kwenye uzi. Acha kabisa kuiweka. Maji ya kiasi yanatosha.

Una njia tatu. Ya kwanza ni kuuletea mmea usiku wa Cusco. Chagua mashina mawili matatu, uyafunike kwa pipa au boksi lisilopitisha mwanga kuanzia saa 12 jioni hadi saa 2 asubuhi, kila siku, kwa wiki sita hadi nane. Toboa matundu chini yaliyokingwa ili hewa ipite bila mwanga, na asubuhi usichelewe kulifunua, jua litaupika. Hapa hakuna "leo nimechoka". Mwanga hata wa muda mfupi katikati ya usiku unaweza kuvunja hesabu yote. Nilipokuwa masomoni Ulaya nilipoteza msimu mzima kwa sababu mlinzi wa jengo alikuwa akiwasha taa ya korido kila saa 7 usiku, na mwanga ulipenya kwenye chumba changu cha mimea. Kama una taa ya uani inayowaka yenyewe mtu akipita, ihesabu nayo.

Ya pili, ambayo mimi ningeichagua, ni vipandikizi. Kata vipande vya juu vya shina vyenye majani manne matano, viotee mizizi kwenye udongo mwepesi wenye unyevu ndani ya vyungu vikubwa, kisha mwishoni mwa Septemba, mchana unapofika saa 12, uviingize sehemu ya baridi yenye mwanga wa dirisha: ngazi za jengo, roshani iliyozibwa kwa vioo, si sebuleni penye taa hadi usiku wa manane. Viache hadi Novemba majani yaanze kuwa njano. Ni kazi ndogo kuliko kubeba pipa kila siku, na jalidi haikugusi.

Ya tatu ni kuiacha nje na kuombea vuli ya joto. Inulia mashina udongo sasa hivi ili vifundo vingi vikae gizani, na usiku wa jalidi tandaza kitambaa cha kufunikia mimea. Huenda ukapata kitu, huenda baridi ikakutangulia. Nisingeiwekea matumaini yote.

Ukitaka kujua kama mmea umeshapokea ujumbe bila kuuchimbachimba, kuna kipimo kizuri cha nyumbani. Kata kipande kifupi cha shina chenye jani moja na kichipukizi cha kwapani mwake, ukifukie kile kichipukizi kwenye udongo wenye unyevu huku jani likibaki juu penye mwanga. Baada ya wiki mbili hivi kifukue. Kikiwa kimevimba na kuwa kiazi kidogo kilichokaa pale pale kwapani, ujumbe umefika. Kikitoa shina au kamba, bado.

Kuhusu kuvila, hapana. Viazi mwitu vingi vina glaikoalkaloidi, sumu za jamii ya solanini, kwa wingi kuliko vya dukani. Kwa viazi vya kuliwa, kiwango kinachokubaliwa kwa kawaida hakizidi miligramu 200 kwa kilo moja, na vya mwitu vinaweza kukipita mbali. Kuchemsha wala kukaanga hakuziondoi. Watu wa Andes wana njia zao kwa viazi vichungu: wengine huvianika kwenye jalidi, kuvikanyaga na kuvikausha, na wengine huchovya viazi kwenye uji wa udongo mfinyanzi unaoshika ile sumu. Udongo wa pemba unaouzwa sokoni kwetu usiufikirie, hiyo ni elimu ya mahali pengine na udongo mwingine. Ukikionja kikakuwasha ulimi, tema. Mtu akila kisha akatapika, akaharisha au akachanganyikiwa, nendeni hospitali siku hiyo hiyo na kiazi chenyewe mkononi. Matunda yale ya kijani yaondoe kabisa kama kuna watoto wanaopita hapo, yana sumu zaidi.

Na mbegu za mama: tafadhali usimtumie, hata kwenye bahasha, hata chembe kumi. Wengi huamini mbegu ya tunda ni safi kwa kuwa haikugusa udongo. Kuna kiini kidogo cha ugonjwa, hata virusi ni kikubwa kukishinda, kinachofanya viazi virefuke na kuchongoka kama pia, nacho husafiri ndani ya mbegu hiyo hiyo. Mmea mama unaweza kukibeba bila dalili. Kikiingia kwenye mashamba ya Njombe, hakuna dawa ya kukitoa. Mbegu za mimea huingia Tanzania kwa kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, na viazi mwitu havina faida kwa mama inayostahili hatari hiyo.

Hapo ulipo, nenda na mmea kwenye ofisi ya serikali ya kulinda mimea ukiona majani ya juu yamekuwa madogo, yamesimama na kujisokota, au shina linanyauka mchana ilhali udongo una maji, au mabaka meusi yenye ukungu mweupe upande wa chini wa jani, ambayo ni bakajani chelewa na itawafikia majirani wote. Ukiona vijiviazi vya zambarau vimeota juu, kwapani mwa majani, chunguza shina karibu na udongo: mara nyingi limeumia au limeoza, na sukari imekosa njia ya kushuka.

Jambo la mwisho ni ukubwa. Ukifanikiwa, utavuna vitu kama mbaazi, vikubwa kidogo kama gololi, vimetawanyika huku na huko kwenye ncha za kamba. Chekecha udongo kwa mkono, mpaka mita moja kutoka kwenye shina, maana utakachokiacha kitaota mwakani bustanini kwa jirani. Vihifadhi kwenye mchanga mkavu, mahali pa baridi pasipo na jalidi, na usivitupe vikikaa miezi mingi bila kuchipua. Viazi mwitu vinalala usingizi mrefu.